Uzi: Mpiga drams Bill Bruford alipiga vizuri zaidi kwenye rekodi ipi? Mimi nasema Red (1974), si Close to the Edge

#1 SanturiChakavu
Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja, tuichambue kwa masikio.

Akitajwa Bill Bruford, wengi wanakimbilia Close to the Edge ya bendi ya Yes, 1972, na mjadala unafungwa hapohapo. Sikubali. Albamu ni nzuri sana, lakini ilirekodiwa Advision, London, kwa vipande: bendi inafanyia mazoezi kipande kimoja, inakirekodi, inahamia kingine, halafu injinia Eddy Offord anaunga tepu kwa wembe. Unachosikia ni mikono ya Bruford pamoja na wembe wa Offord.

Sasa chukua Red ya King Crimson, Olympic, London, Julai na Agosti 1974. Watu watatu: Robert Fripp gitaa, John Wetton besi na sauti, Bruford drams. Sikiliza Starless kuanzia dakika ya nne na nusu hivi, uimbaji ukishaisha. Besi inazunguka kwenye 13 (noti 13 kila mzunguko), gitaa linang'ang'ania noti moja, na mpiga drams hapigi drams. Anagonga vitu vidogo vya mkononi, kimoja hapa, kingine pale, na anaacha mapengo makubwa. Kila mzunguko anaongeza kidogo: toazi, halafu tomu (ngoma ya kati), halafu snea (ngoma kavu yenye waya chini) inaanza kuuma. Dakika ya tisa hivi kasi inakuwa maradufu na kila alichokizuia kinamwagika. Kujizuia kwa dakika nne nzima huku mikono inaweza kila kitu, hicho ndicho kilele.

Weka namba moja yako. Taja wimbo na mahali penyewe, si jina la albamu tu.

#2 Saba_kwa_Nane
Naheshimu hoja yako, mkuu, ila namba moja ni Fragile ya Yes, 1971. Na nitaanza na wimbo ambao watu wanaupita kwa sababu ni mfupi: Long Distance Runaround.

Kwenye beti, bendi iko kwenye 4/4 ya kawaida (mapigo manne kila kipimo). Bruford anaweka mkazo wake kila noti ya tano ya nusu-pigo. Kipimo kimoja kina noti 8 kama hizo, yeye anahesabu 5, kwa hiyo mkazo wake unahama kila kipimo na haurudi mahali pake mpaka zitimie noti 40, yaani vipimo vitano. Jaribu hivi: mguu ugonge 1-2-3-4 bila kusita, mdomo uhesabu 1-2-3-4-5 kwa kasi mara mbili ya mguu, mkono upige kila mdomo unaposema 1. Wengi wanaanguka kwenye kipimo cha pili, kwa sababu mkono unavutwa kuufuata mguu. Bruford haanguki, na wimbo bado unasikika mwepesi kama wa redioni. Hapo hakuna wembe wa kumsaidia.

Halafu umalizie na Heart of the Sunrise.

#3 Bi_Besi
#2, Heart of the Sunrise msimpe Bruford peke yake. Ile sehemu ya mwanzoni, baada ya rifu (kipande kinachojirudia) ya fujo kukatika, ni Chris Squire, mpiga besi wa Yes, ndiye anayebeba kila kitu. Besi inarudia sentensi yake ileile na drams zinaingia kwa vipande vinavyokuja kama kutoka mbali. Bruford anapiga vizuri kwa sababu besi imemruhusu asishike mdundo.

Na wewe #1, marekebisho mawili. Kwanza, Red si watu watatu tu. Msingi ni watatu, lakini wamo Mel Collins na Ian McDonald kwenye saksafoni, Robin Miller obo, Mark Charig koneti, na David Cross yumo na fidla yake kwenye Providence, ambayo ni kipande cha jukwaani cha Juni 1974. Pili, na hili lingekusaidia: ule mzunguko wa besi wa 13 kwenye Starless ni wazo la Bruford mwenyewe. Wetton alileta wimbo mapema, kwa ajili ya albamu iliyotangulia, na Fripp na Bruford hawakuutaka. Uliporudi ndipo ukaongezewa sehemu hiyo. Kwa hiyo pale hajizuii mbele ya wazo la mtu mwingine, anauhudumia mzunguko wake.

#4 SanturiChakavu
Bi_Besi, yote mawili nimeyapokea, asante. Hilo la pili linanizidishia imani.

#5 KijitiChaMpingo
Kabla hamjaenda mbali, mtu anieleze snea. Kuanzia Yes mpaka Crimson ile snea unaitambua ndani ya sekunde mbili. Inalia "tonk", juu, kavu mwanzoni halafu na mlio wa chuma nyuma yake. Wapiga drams wengi wa London wakati ule walikuwa wanabandika taulo na tepu kwenye ngozi ili sauti ife haraka. Yake imeachwa wazi. Ni chombo gani kile?

#6 FundiSpika
#5, si suala la chombo, ni pigo la ukingo. Kijiti kinagusa ngozi na ukingo wa chuma kwa wakati mmoja. Bruford ameshaeleza kwamba alizoea kupiga hivyo ili asikike katikati ya magitaa, tangu kwenye bendi ambazo drams hazikuwa na maikrofoni.

Ukitaka kuikaribia, chukua snea ya inchi 14. Legeza skrubu zote, zikaze kwa vidole mpaka zishike, kisha kwa ufunguo robo mzunguko kila moja, ukivuka upande wa pili kila mara, usizunguke kwa mpangilio wa saa. Ngozi ya chini ikaze kuliko ya juu. Gonga kwa ncha ya kijiti sentimita tatu kutoka kila skrubu: zote zitoe noti moja. Moja ikiwa chini, utasikia mlio unayumba baada ya pigo, na watu wanaulaumu ukingo bure. Ngozi ya juu iwe ya kawaida iliyopakwa nyeupe, bila tepu wala taulo.

Waya za chini ndipo wengi wanapoharibu. Wanazikaza sana wakidhani watapata ukali. Zikikazwa mno zinaibana ngozi ya chini, snea inakohoa badala ya kulia. Legeza mpaka ziwe na fujo, kisha kaza kidogo kidogo mpaka fujo ikome, uishie hapo.

Sasa mkono. Usipige katikati kabisa, katikati ni pakavu. Sogea sentimita tatu au nne. Kijiti kilale karibu sambamba na ngozi. Kikiinuka sana kwa nyuma unapata ngozi tupu, kikishuka sana unapata chuma tupu na kijiti kinavunjika shingoni. Urefu wa kiti una maana hapa: kiti kikiwa chini mno, kiwiko kinashuka na pembe inaharibika kila pigo la tatu.

#7 Mwanakwetu_Pwani
FundiSpika umeeleza vizuri, ila pigo la ukingo hupigwa na maelfu ya watu na hawasikiki kama yeye. Mimi naona sababu ni nafasi iliyobaki kwenye rekodi. Squire anapiga besi ya Rickenbacker kwa plektra (kibao kidogo cha kupigia nyuzi), sauti ya juu imefunguliwa, besi imejaa mpaka eneo la gitaa. Snea ya chini, nene, ingezama mle. Imelazimika kupanda juu ya besi ndipo ionekane. Ukitaka ushahidi, sikiliza sehemu za Close to the Edge ambapo besi imenyamaza au imetulia: snea ileile inasikika nyembamba, haina ule ubabe. Ubabe unatokana na ugomvi wake na besi.

#8 Bi_Besi
#7, nadharia nzuri, lakini Wetton hakai kabisa humo. Besi ya Wetton kwenye Red ni nzito, ina mkwaruzo, iko chini. Na snea bado ni "tonk".

#9 Saba_kwa_Nane
Na nyongeza: nenda kwenye bendi ya UK, albamu yake ya 1978, wimbo In the Dead of Night. Studio nyingine, miaka minne baadaye, Allan Holdsworth gitaa, Eddie Jobson kinanda. Snea bado ni yake. Kama bendi zinabadilika, studio zinabadilika na mtu habadiliki, basi ni mtu. Hapohapo sikiliza alivyotega ile 7 (mapigo saba kila kipimo): snea haingii mahali masikio yanapoitegemea, kwa hiyo 7 inapita kama maji badala ya kuchechemea. Wapigaji wengi wa 7/8 wanapiga 4/4 iliyokatwa mguu mmoja. Yeye anaifanya iwe nzima.

#10 FundiSpika
Naongeza moja ambalo halijatajwa: mapigo yake yana nguvu moja. Snea ya mtu anayepiga kwa nguvu tofauti tofauti hubadilika noti kila pigo, kwa sababu ngozi hujivuta zaidi ikigongwa kwa nguvu na noti hupanda kidogo mwanzoni. Yeye mapigo makubwa ni makubwa kwa kipimo kilekile, na mapigo madogo ya katikati ni madogo kweli, hayafiki nusu. Sikio linaishika noti moja na kuikumbuka.

#11 Lokole_Lushi
Wandugu, jambo yenu. Ninyi mmekwama kwenye snea, na kazi yake kubwa zaidi kwangu haina snea. The Sheltering Sky, albamu ya Discipline ya King Crimson, 1981. Zaidi ya dakika nane anashika gogo lenye mpasuo. Huku kwetu Kongo tunalijua, jamaa yake ni lokole: gogo limechimbwa ndani kupitia mpasuo, midomo miwili ya mpasuo haina unene sawa, kwa hiyo unapata sauti ya juu na ya chini bila ngozi yoyote.

Gogo la namna hii halisamehi. Halina mlio mrefu wa kufunika kosa. Ukichelewa kidogo kila mtu anasikia. Yeye anapiga kwa utulivu, anarudia, anabadilisha pigo moja tu baada ya mizunguko mingi, na Fripp anapaa juu na gitaa lake la sinthesaiza. Hapigi "Kiafrika" cha kuigiza, anashika kazi ya gogo: kuweka ardhi.

#12 KijitiChaMpingo
Lokole, hapo umenigusa. Na kumbuka kwa nini Discipline inasikika vile: Fripp alitaka matoazi yapunguzwe, kwa sababu toazi linakula eneo lilelile la juu ambalo magitaa mawili yanalihitaji. Mpiga drams aliyenyang'anywa haihati (matoazi mawili ya kufungwa kwa mguu) ananyang'anywa saa ya mkononi. Inabidi atafute mahali pengine pa kuwekea muda, akauweka kwenye tomu na kwenye mbao.

#13 NgomaNne
Hapa hakuna aliyetaja wimbo wa Discipline wenyewe? Mguu unapiga kiki (ngoma kubwa ya mguu) sawasawa, nne nne, kama ngoma ya kuchezea. Mikono iko kwenye 17/16. Kiki moja kila noti 4 za robo-pigo, mzunguko wa mikono kila noti 17. Vinakutana baada ya 68: mizunguko minne ya mikono, kiki kumi na saba. Na juu yake magitaa mawili yana hesabu zao. Kiki ile ndiyo inayomruhusu mtu asiyehesabu chochote atikise kichwa bila kujua kuna nini.

#14 Mwanakwetu_Pwani
NgomaNne umeandika "kiki" mara nne, wajukuu zako watadhani Bruford alikuwa anatafuta umaarufu mtandaoni 😄

#15 NgomaNne
Kiki ya mguu, bwana. Turudi kwenye mada.

Frame by Frame, albamu hiyohiyo: msingi ni 7/8, magitaa yanaanza pamoja, kisha moja linadondosha noti moja kila vipimo viwili. Moja lina 13, lingine 14. Yakiachwa yaendelee mpaka mwisho yangekutana baada ya noti 182. Mtu wa kati ni Bruford, na hachagui upande. Akifuata la 13, la 14 linasikika limekosea, na kinyume chake.

#16 MkusanyajiTepu
Jamani, mmesahau Starless and Bible Black ya King Crimson, 1974. Albamu ya studio iliyo ngumu kuliko zote, na Fracture ndiyo upigaji bora wa Bruford ndani ya studio.

#17 SanturiChakavu
#16, Fracture si ya studio. Ni ya jukwaani, Concertgebouw, Amsterdam, 23 Novemba 1973. Sauti za watazamaji zimeondolewa. Kwenye albamu ile nyimbo zilizo za studio kuanzia mwanzo hadi mwisho ni mbili tu, The Great Deceiver na Lament. Onyesho lenyewe lilitolewa 1997 kwa jina The Night Watch, linganisha mwenyewe.

Na sasa umenipa silaha. Usiku uleule bendi ilibuni Trio, papohapo: fidla, besi, melotroni (kinanda cha tepu). Bruford alikaa na vijiti vimepishana kifuani, hakupiga hata pigo moja, na wenzake wakamwandika kuwa mmoja wa watunzi kwa sababu aliona drams zingeharibu. Hakuna kipimo cha mpigaji kinachozidi hicho.

#18 Saba_kwa_Nane
Mkuu, kwa hiyo tunashindanisha rekodi bora na jibu lako sasa ni ile ambayo hakupiga?

#19 SanturiChakavu
Namba moja bado ni Starless. Trio ndiyo inayoeleza Starless.

#20 Bi_Besi
Na kabla ya hapo alikuwepo Jamie Muir, mpigaji mwenzake ndani ya King Crimson. Larks' Tongues in Aspic, 1973, Bruford ametoka Yes mwaka uliotangulia, anakutana na mtu anayepiga kila kitu, mabati, kengele, vikorokoro. Muir aliondoka mapema 1973, lakini baada yake Bruford anaanza kuacha mapengo. Sikiliza The Talking Drum: inatoka kwenye ukimya, inapanda bila kuongeza kasi, na drams zinashika mdundo mmoja tu. Bruford wa Fragile asingeweza kuvumilia hivyo.

#21 FundiSpika
Nakubali. Ila kwa toazi, One More Red Nightmare, ya albamu ya Red. Lile toazi linalosikika kama kifuniko cha pipa lilitoka kwenye pipa la taka kweli: alilikuta limetupwa kwenye chumba cha mazoezi, inchi 20, kingo zimejikunja kwenda juu.

Angalia kwa nini linafanya kazi. Toazi zima likipigwa linatawanyika polepole, sekunde tano, sita. Lililokunjwa kingo haliwezi kutikisika lote, kwa hiyo linalipuka na kufa mara moja. Ndiyo maana anaweza kulipiga mfululizo katikati ya rifu, pigo kwa pigo, bila kufunika gitaa. Ukifanya hivyo kwa toazi zima unapata ukungu. Wanaotaka sauti hii leo hupachika toazi dogo lililopinduliwa juu ya kubwa, zikigusana kidogo. Skrubu ya juu isikazwe kabisa, la sivyo la chini linapasuka kwenye tundu la katikati.

#22 MkusanyajiTepu
Asante kwa marekebisho, #17. Basi kwa jukwaani nataja mbili. Cinema Show ya Genesis kwenye Seconds Out, Paris, 1976: sehemu ndefu ya 7/8 Bruford na Phil Collins wanapiga pamoja. Na Yessongs yote, albamu ya jukwaani ya Yes.

#23 Saba_kwa_Nane
Yessongs si yote. Nyingi humo ni Alan White, aliyechukua kiti 1972 na kujifunza nyimbo kwa siku chache tu. Bruford yuko kwenye Perpetual Change, na Long Distance Runaround iliyounganishwa na The Fish. Basi. Watu wanamsifu Bruford kwa mapigo ya White kila mwaka.

Cinema Show naikubali kwa nusu. Sikiliza kwa vipaza sauti vya masikioni: wawili wanapopiga pamoja Bruford anapoteza yale mapengo yake, kwa sababu kuna mtu wa kuyajaza.

#24 KijitiChaMpingo
Nirudi kwenye 13 ya Starless, kwa sababu naona hesabu tofauti kila mahali. Mimi nahesabu 4+4+5. Nani anahesabu vingine?

#25 Bi_Besi
6+7. Vidole vya besi vinaisikia sentensi mbili, swali na jibu, jibu likiwa refu kidogo. 4+4+5 inakufanya ukimbilie mwisho.

#26 NgomaNne
Kwa drams zote mbili zinakuchosha sehemu ya kasi inapofika. Usigawanye. Acha mkono ugonge kila noti ya pili bila kusita. Kwa kuwa 13 haigawanyiki kwa mbili, raundi ya kwanza unaangukia 1, 3, 5 mpaka 13. Raundi ya pili unaangukia 2, 4, 6 mpaka 12. Raundi ya tatu umerudi kwenye 1. Hesabu 26, si 13. Kosa la kawaida ni kuongeza noti moja mwishoni mwa raundi ya kwanza ili mkono uangukie 1 ya pili. Ukifanya hivyo umeshapiga 14 na besi imekuacha.

#27 KijitiChaMpingo
Nimejaribu polepole, nusu ya kasi ya rekodi. Raundi ya pili mkono unaelea kweli. Lakini kwa 26, ule mwanzo wa taratibu, ambapo anagonga vitu viwili vitatu tu kwa mzunguko, unajuaje uko wapi?

#28 Bi_Besi
Hapo unaisikiliza besi, ndugu yangu. Na besi inahesabu 6+7.

#29 Lokole_Lushi
Mimi pale sihesabu hata moja. Gitaa la Fripp linapobadilisha noti, ndipo najua raundi zimetimia.

#30 NgomaNne
Lokole, hiyo inakufikisha mpaka dakika ya tisa. Kasi ikishaongezeka, gitaa halikungoji. Kesho naandika mapigo ya raundi mbili za mwanzo za sehemu ya kasi, kiki na snea, tuweke pamoja 4+4+5, 6+7 na 26 tuone nani anaanguka wapi.